Muulize Shangazi: Karatasi mbili za nyumba moja

Mwezi huu nimechagua barua tatu, na zote zinahusu rangi ya ngozi. Ya kwanza ni ndefu. Nimeiacha hivyo hivyo, nikaondoa tu majina na mtaa.

*

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mzungu, Mmarekani. Kiswahili nilijifunza Tanga nilipokuwa nafundisha sekondari kwa kujitolea, na huko huko ndiko nilikompata mume wangu. Sasa tunaishi Minneapolis na watoto wetu wawili, kwenye nyumba niliyoachiwa na bibi yangu, upande wa kusini wa jiji, karibu na ziwa.

George Floyd alipouawa Mei 2020 tulikuwa jirani kabisa na tukio. Moshi wa majengo yaliyochomwa tuliuona kutoka barazani. Tangu hapo nimesoma vitabu vingi, nimeandamana, nimeweka bango uani. Najua kwamba ngozi yangu inanipa upendeleo, na nalikiri hilo mbele ya yeyote. Lakini naona kukiri kwangu hakujamsaidia mtu.

Yako mambo mawili yanayonikosesha usingizi. Siku ya Idi tulikuwa kwa wifi yangu. Wakawa wanasimulia jinsi mtoto wa mmoja wao alivyosimamishwa na polisi barabarani, akalazwa juu ya boneti ya gari. Nikaanza kulia, nikashindwa kujizuia. Mawifi wakaacha kupakua pilau wakaja kunibembeleza. Usiku mume wangu akaniambia kwa upole: aliyepatwa na balaa ni yule kijana, lakini aliyepewa pole ni wewe. Tangu siku hiyo sijui nikae nao vipi.

La pili ni la nyumba. Mwaka huu tulitaka mkopo kwa dhamana ya nyumba ili tutengeneze paa. Benki ikamtuma mthamini. Siku hiyo nilikuwa kazini, mume wangu ndiye aliyempokea. Thamani aliyoandika ilikuwa ndogo mno, wakati nyumba ya jirani, tena ndogo kuliko yetu, ilikuwa imetoka kuuzwa kwa bei ya juu zaidi. Rafiki yangu akanishauri niende benki nyingine, niondoe picha za familia, mume atoke na watoto, nimpokee mthamini peke yangu. Nikafanya hivyo. Nikashusha picha za harusi na kanga iliyotundikwa sebuleni, nikaacha picha ya babu akiwa na sare ya jeshi. Mthamini wa pili alikuwa mchangamfu, tukazungumza habari za bustani. Thamani ikapanda sana. Mkopo tukapata, paa likatengenezwa.

Picha nimezirudisha ukutani, lakini nikizitazama naona haya. Mume wangu anasema tuliache jambo hili, maombi yake ya uraia bado yanashughulikiwa. Baba yangu anasema ni bahati tu, na kwamba watu wa siku hizi wanaona rangi kila mahali. Maneno hayo anayasema mezani, wajukuu zake wakisikia.

Nataka kuwa mshirika wa kweli katika kupinga ubaguzi, nisiwe wa bango tu. Nianzie wapi?

*Mke wa Mtanga, Minneapolis*

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na kilio, kwa sababu hicho hakina mambo mengi. Umeishi Tanga, unajua tulivyolelewa: mgeni akilia shughulini, sufuria zinaachwa. Mawifi zako hawakuwa na hiari. Kwa hiyo ukilia mbele yao unawapa kazi, hata kama moyoni ulikuwa unataka kuwapunguzia mzigo. Kalie garini. Mpigie dada yako ulie naye, tena huenda naye akajifunza kitu. Siku nyingine ikizungumzwa habari kama ile, uliza ya maana: kijana amepewa karatasi ya mahakama? Ya tarehe ngapi? Anakwenda na nani? Na ikiwa hakuna lolote unalohitajika kufanya, shika mwiko upakue pilau. Mawifi hawatakuchukia. Mumeo ameshakwambia kwa upole, na mtu wa Tanga akikwambia kwa upole ujue amelifikiria.

Sasa nyumba.

Mwanangu, umeniuliza uanzie wapi, na huku ndani ya mtoto wa meza yako mna karatasi mbili za thamani ya nyumba moja. Moja iliandikwa alipofungua mlango mtu mweusi. Nyingine iliandikwa alipofungua mlango mwanamke Mzungu. Wako watu wengi hapa Minnesota wanaoamini kwamba walifanyiwa hivyo hivyo lakini hawana karatasi ya pili ya kulinganisha, kwa sababu hawana mtu wa kumsimamisha mlangoni. Wewe unayo. Umeandamana na umesoma, sawa. Lakini ushahidi ulio nao umeuweka kabatini.

Kabla sijakwambia la kufanya nao, mtazame tena babu mwenye sare. Sitaki umchukie. Nataka uulize alinunuaje nyumba. Mimi nilikuja Minnesota kutoka Morogoro nikiwa muuguzi, nikastaafu hapa hapa, na wazee wengi wa rika lake nimewaogesha kwa mikono yangu. Hadithi yao ni moja: nilirudi vitani, serikali ikanidhamini, nikanunua nyumba, watoto wakakulia humo. Ni kweli. Sheria ya kuwasaidia askari waliorudi vitani ilipitishwa mwaka 1944. Na kabla ya hapo, mwaka 1934, serikali ilikuwa imeunda idara ya kudhamini mikopo ya nyumba, na idara hiyo katika mwongozo wake ilitaka mitaa isichanganye rangi. Askari weusi nao walipigana. Waliporudi wakakuta benki nyingi zimewafungia milango, na mtaa ambao mkopo ungepatikana una hati inayosema wasiishi humo.

Nasema hati kwa maana yake halisi. Minneapolis, kuanzia mwaka 1910, wauzaji wa viwanja walikuwa wakiandika ndani ya hati kwamba nyumba isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu asiye Mzungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamekuwa wakizichambua hati hizo tangu 2016, moja moja, na ndani ya jiji peke yake wamekuta maelfu kwa maelfu, zaidi ya 8,000. Wamezichora kwenye ramani ambayo kila mtu anaweza kuifungua. Upande wenu wa kusini, kwenye maziwa, alama zimejaa. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1948 kwamba masharti hayo mahakama zisiyatekeleze. Jimbo likakataza kuandika mapya mwaka 1953. Ubaguzi wenyewe katika nyumba ukapigwa marufuku nchi nzima mwaka 1968. Hesabu mwenyewe, kutoka 1910 hadi 1968, ni watoto wangapi walizaliwa, wakarithi au wasirithi. Leo katika jimbo hili, kati ya familia 10 za Wazungu zaidi ya 7 zinaishi katika nyumba zao wenyewe. Kati ya familia 10 za watu weusi ni kama 3.

Tafuta anwani yenu kwenye ramani hiyo. Ukikuta sharti lipo, sheria ya Minnesota ya mwaka 2019 inamruhusu mwenye nyumba kupeleka tamko kwenye ofisi ya kaunti kulikana. Maandishi ya zamani hayafutwi, tamko linawekwa pamoja nayo ili atakayesoma aone yote mawili. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nakuomba uifanye, ila usiipige picha ukaitembeza, kwa sababu haijampa mtu chumba.

Najua baba yako atasema, "Baba yangu hakumbagua mtu." Huenda ni kweli kabisa. Nilipokuwa kazini tulikuwa na kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Tulikiamini kama saa ya ukutani. Desemba 2020 jarida la madaktari la New England likachapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kibanio hicho kilishindwa kuonyesha upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa Wazungu. Hakuna aliyehitaji kumchukia mtu ili hilo litokee. Na wakati ule tulikuwa katikati ya Korona, namba ya kwenye kibanio ndiyo iliyokuwa ikiamua nani apewe kitanda na nani arudishwe nyumbani. Mgonjwa Mzungu aliyepimwa sawasawa hakuiba pumzi ya mtu, lakini alipimwa sawasawa. Babu yako naye alipimwa sawasawa alipokwenda kuomba mkopo. Nawe ukarithi nyumba, na mwaka huu nyumba hiyo imekupa paa, baada ya mumeo kutolewa nje ya mlango wake mwenyewe.

Maneno hayo ya mwisho ni makali, nimeyaandika makusudi. Kushusha picha kulikuwa na akili, familia ilihitaji paa na watoto wasinyeshewe. Lakini ukiishia hapo, mthamini wa kwanza ataendelea na kazi yake kesho kwenye nyumba ya mtu ambaye hana mke Mzungu.

La kufanya ni hili. Toa karatasi zote mbili, andika tarehe, nani alikuwepo nyumbani, nini kilikuwa ukutani, jirani aliuza lini na kwa kiasi gani. Malalamiko ya ubaguzi wa nyumba hupelekwa kwenye wizara ya nyumba ya serikali kuu, ile wanayoiita HUD, na mlango huo uko wazi mwaka mmoja tu tangu tukio. Idara ya Haki za Binadamu ya jimbo nayo hupokea. Umeniambia ni mwaka huu, basi angalia kalenda leo, siyo kesho. Na sheria haimlindi mweusi peke yake. Anayebaguliwa kwa sababu ya mtu aliyefunga naye ndoa naye analindwa. Nyumba ni yako, kwa hiyo malalamiko yanaweza kusimama kwa jina lako.

Lakini, na hapa nisikilize vizuri, usiyapeleke kwa siri. Hofu ya mumeo siyo woga. Mtu aliyekaa miaka na grini kadi, akiwasikia wenzake wanavyohojiwa, anajifunza kutembea pembeni mwa ukuta. Kaa naye, mwonyeshe tarehe ya mwisho, mtafute mwanasheria wa uhamiaji mumuulize pamoja kama kuna hatari yoyote. Akisema ndiyo, endelea. Akisema hapana, ni hapana. Yeye ndiye aliyetazamwa na mthamini wa kwanza. Mimi na wewe hatukutazamwa. Nimewaona wengi wenye nia njema wakimburuta mtu mweusi mahakamani kwa ajili ya haki yake, halafu wao wakarudi kulala na yeye akabaki na kesi.

Akikataa bado unabaki na njia. Benki ya kwanza unaweza kuiandikia kama mwenye nyumba, ukitaka waeleze tathmini yao ilivyofikiwa, karatasi ya pili ikiwa imeambatanishwa. Kumbuka kwamba hapo utakuwa unagusa mkopo wako, na huenda benki ya pili ikataka kuikagua upya hata ile tathmini nzuri. Labda utapoteza kitu. Mimi ninapomsikia Mzungu anasema ni mshirika, swali langu kwake ni hilo tu: umeweka nini mezani ambacho kingekuuma kikichukuliwa?

Nikupe kisa cha kina Biko, wapigania haki weusi wa Afrika Kusini, kwa sababu naona kinakuhusu. Julai 1967 umoja wa wanafunzi wa Afrika Kusini, NUSAS, ulifanya mkutano wake Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Grahamstown. Ulikuwa umoja wenye Wazungu wengi, waliberali, wapinzani wa ubaguzi kwa kauli. Chuo kikakataza wajumbe weusi wasilale chuoni, wakapelekwa kulala kanisani, mbali, kwenye makazi ya weusi. Steve Biko, wakati huo mwanafunzi wa udaktari, akatoa hoja kwamba mkutano uahirishwe mpaka papatikane mahali ambapo wote watalala pamoja. Hoja ikapigiwa kura ikaanguka. Wajumbe wakapitisha azimio la kulaani chuo, na mkutano ukaendelea. Wenzake Wazungu waliinua mikono kulaani, kisha usiku wakaenda kwenye vitanda vyao. Biko na wenzake wakaunda umoja wao, SASO, na mwaka 1969 akawa rais wake wa kwanza. Sidhani kama wale wajumbe walikuwa watu wabaya. Wangehitaji tu kukataa kitanda kwa siku chache.

Na mwaka huo huo wa 1969, kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, chama cha ANC kilikutana mjini kwetu Morogoro. Sisi watoto wa Morogoro tuliwajua tu kama Waafrika Kusini, na baadaye, Mazimbu ilipojengwa shule yao, tulizoea kuwaona sokoni, weusi kwa Wazungu. Mkutano ule uliamua kwamba Wazungu, Wahindi na machotara waliokuwa uhamishoni wanaweza kuwa wanachama. Lakini kamati kuu ya taifa ikabaki ya Waafrika, mpaka mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Joe Slovo, Mzungu, alikuwa mmoja wa walioandika waraka mkuu wa Morogoro. Akakaa miaka 16 bila kiti kwenye kamati ile, akifanya kazi. Mkewe, Ruth First, aliyepata kufundisha kwa muda pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuawa kwa bomu lililofungwa kwenye barua, Maputo, Agosti 1982. Sikuambii ufe, mwanangu, una watoto. Nakwambia kwamba watu wa aina yako wamekwishakuwepo, wakapewa kazi bila kupewa kiti cha mbele, na hawakununa.

Kuhusu baba yako, hapo mimi siwezi kuja, wala mumeo asitumwe. Ile meza ya sikukuu ya Shukrani ni yenu. Mtu mweusi akimjibu baba yako ataitwa mkali. Wewe ukimjibu wewe ni mwanawe. Usimhutubie. Mwekee zile karatasi mbili upande kwa upande, umwambie asome tarehe na asome ni nani alifungua mlango, unyamaze. Akitoa maneno yake mbele ya wajukuu, mkatize hapo hapo: "Baba, si mbele ya watoto wangu. Hao unaowasema ndio wao." Chakula kitapoa. Kipashe moto.

Bango liache au litoe, kwangu ni sawa.

*

Mama Shangazi, nakusalimu.

Natoka Uvira, sasa niko Indianapolis, nafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Kuna mzee mmoja hataki mtu mweusi amguse. Msimamizi akaandika kwenye karatasi ya zamu kwamba nisiingie chumba hicho. Juzi yule mzee alianguka, nami nilikuwa karibu kuliko wote, nikalazimika kwenda kumtafuta mwingine aje amwinue. Kuna muuguzi Mzungu, mtu mwema kwa kweli, kila mara hunifuata kwenye maegesho baada ya zamu na kuniambia samahani, yuko upande wangu. Ndani hasemi kitu. Nimjibu nini?

*Wa Uvira*

*

Mwanangu wa Uvira,

Nami nimewahi kuambiwa niondoe "mikono hiyo", na wenye mamlaka wakatazama dari. Kwa hiyo nakuelewa bila maelezo mengi.

Kwanza ujue sheria, maana msimamizi wako inaelekea haijui au anajifanya haijui. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliyoko Chicago, ambayo maamuzi yake yanaifunga Indiana, iliamua kesi ya msaidizi wa wauguzi kama wewe, mwanamke mweusi, wa nyumba ya wazee iliyoko huko huko Indiana. Karatasi yake ya zamu iliandikwa kama yako. Mwajiri akajitetea kwamba anaheshimu matakwa ya mkazi. Mahakama ikakataa: matakwa ya mkazi hayampi mwajiri ruhusa ya kugawa kazi kwa rangi. Kesi yao nayo ilikuwa na kisa cha mzee aliyeanguka, na yule msaidizi akazunguka kutafuta mtu mweupe. Kwa hiyo jambo lako si geni, wala si dogo. Tunza nakala ya ile karatasi ya zamu. Malalamiko ya kazi hupelekwa kwenye tume ya usawa wa ajira, EEOC, na usisubiri mpaka siku 180 zipite.

Sasa huyo dada wa maegesho. Usimkasirikie, mpe kazi. Mwambie: "Dada, asante. Twende ndani sasa hivi ukaandike ripoti ya tukio, uandike ulichoona kwa saa na dakika, uweke jina lako." Ripoti yako peke yako watasema umeelewa vibaya, Kiingereza chako hiki, hasira zako zile. Ripoti yenye jina lake hawataitupa kirahisi hivyo. Hicho ndicho alicho nacho ambacho wewe huna, kuaminiwa kabla ya kuhojiwa. Na wakati wa kupanga zamu, yeye ndiye aulize kwa sauti mbele ya wote, "Huu mstari umeandikwa na nani?" Akitetemeka akakataa, msalimie vizuri kesho yake. Maegesho nayo ni mahali pa kuegesha gari tu.

Kuna jambo dogo la pembeni, na hili nawaambia wasomaji wetu wote wa huku. Wapo wenzetu wanaopenda kusema, "Sisi wa Afrika si kama Wamarekani weusi, sisi tunafanya kazi." Wanasema ili Mzungu awapende. Sheria itakayomlinda huyu kijana wa Uvira ni ya mwaka 1964, na iliyofungua mlango wa uhamiaji kwa nchi zetu, baada ya miaka 40 ya migawo iliyowapendelea watu wa Ulaya, ni ya 1965. Zote zilipatikana wakati Wamarekani weusi wanapigwa virungu na kuumwa na mbwa wa polisi barabarani. Ukitaka Mzungu awe mshirika wako, anza wewe kuwa mshirika wa jirani yako mweusi aliyezaliwa hapa.

*

Shangazi, hujambo?

Mimi ni Mkenya, niko Ukunda. Naona mnahangaika na Wazungu wa Marekani. Hapa Diani, mwezi uliopita, tulienda hoteli moja ya ufuoni kula chakula cha mchana, mimi na mwenzangu wa kazi, Mjerumani. Askari wa getini akampungia mkono yeye apite, mimi akanidai kitambulisho na kuniuliza nimekuja kumwona nani. Askari mwenyewe ni mweusi kama mimi. Mjerumani alikuwa amekwishafika mapokezi, akanisubiri huko akiangalia simu yake. Baadaye akaniambia hakujua. Sasa hapo nimlaumu nani?

*Mwenye nchi, Ukunda*

*

Sijambo, mwanangu.

Askari wa geti anatekeleza agizo. Ana mshahara mdogo na bosi mkali, na akimzuia Mzungu mmoja kimakosa kazi inaota mbawa, lakini akizuia waswahili kumi hakuna wa kumuuliza. Amepiga hesabu yake vizuri kuliko sisi. Nchi yenu ilikuwa na ardhi nzima ya milimani iliyotengwa kwa sheria iwe ya Wazungu, mpaka karibu na uhuru. Sheria iliondolewa, maagizo ya getini yakabaki, na wengi wanaoyatoa leo ni wenye biashara wa rangi zote, wetu pia. Ibara ya 27 ya katiba yenu ya 2010 inakataza ubaguzi wa rangi, iwe umefanywa na serikali au na mtu binafsi. Hoteli haijapewa msamaha wowote.

Mjerumani wako namwamini kwamba hakujua. Anayepungiwa mkono haoni geti. Ila sasa amejua, na siku nyingine mtakapokwenda mahali kama hapo asitangulie. Atembee nyuma yako. Wewe ukizuiwa, naye asimame pale pale juani, asitoe hotuba wala asimtukane askari, aseme tu, "Tuko pamoja, ukitaka chake taka na changu," atoe pasipoti yake isomwe mpaka mwisho.

Na jina la hoteli usinitumie mimi tena. Mwandikie mwenye hoteli, weka tarehe na saa, na kabla ya kutuma mpelekee huyo mwenzako aweke sahihi yake chini ya yako.